Magari ya Mbio Yasiyo na Dereva: Jinsi Wanafunzi Wanavyoifundisha Mashine Kuendesha

Mnamo Oktoba 23, 2021, katika uwanja wa mbio za magari wa Indianapolis nchini Marekani, gari la mashindano lilizunguka uwanja kwa mwendo wa wastani wa karibu kilomita 219 kwa saa. Mahali ambapo dereva angekaa palikuwa pamejaa kompyuta na nyaya. Hakukuwa na mtu ndani, na hakuna aliyekuwa akiligeuza kwa rimoti. Walioliandaa walikuwa wanafunzi na watafiti wa Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Munich, Ujerumani. Siku hiyo waliondoka na zawadi ya dola milioni 1.

Vijana wengi, hasa walio katika vyuo vya ufundi na vyuo vikuu, wameona video za magari kama hayo kwenye simu zao. Wazazi nao huuliza: Je, huu si mchezo wa nchi tajiri? Mashine inajuaje pa kupita? Na kijana wa hapa kwetu ana faida gani ya kujishughulisha na mambo haya? Makala haya yanaeleza magari hayo hufanyaje kazi, mashindano ya wanafunzi huendeshwaje, makosa gani yamewahi kutokea, na wapi mtu anaweza kuanza bila kutumia pesa nyingi.

Safari ilianzia jangwani

Mashindano ya magari yasiyo na dereva hayakuanza kwenye uwanja wa lami. Mnamo Machi 2004, DARPA, ambalo ni shirika la utafiti la Wizara ya Ulinzi ya Marekani, liliandaa shindano katika jangwa la Mojave. Njia ilikuwa ya zaidi ya kilomita 220, na zawadi ilikuwa dola milioni 1. Magari 15 yalifuzu kushiriki. Hakuna hata moja lililofika. Lililokwenda mbali zaidi lilikwama kabla ya kumaliza kilomita 12. Mengine yaliharibika hatua chache tu kutoka mahali pa kuanzia. Zawadi haikutolewa.

Waandalizi hawakukata tamaa. Waliongeza zawadi hadi dola milioni 2 na kuitisha shindano jingine mwezi Oktoba 2005. Safari hii magari matano yalimaliza njia ya takriban kilomita 212. Mshindi alikuwa Stanley, gari la Chuo Kikuu cha Stanford, lililotumia muda usiofika saa 7. Kiongozi wa timu hiyo, Sebastian Thrun, baadaye aliongoza mradi wa magari yanayojiendesha katika kampuni ya Google, mradi ambao leo unajulikana kama Waymo.

Katika miezi 19 tu, kazi iliyowashinda wote ilifanywa na timu tano. Kilichobadilika zaidi ni kwamba kila timu ilijua imekosea wapi mara ya kwanza, ikarudi mezani, ikarekebisha. Hiyo ndiyo sababu vyuo vikuu vimeendelea kutumia mashindano kama njia ya kufundishia hadi leo.

Kuona, kupanga, kutenda

Dereva wa matatu anayekaribia kivuko cha watembea kwa miguu hufanya mambo matatu karibu kwa wakati mmoja. Anaona watu na magari. Anaamua apunguze mwendo au aendelee. Kisha mguu na mikono yake inatekeleza uamuzi huo. Gari lisilo na dereva hufanya mambo hayo hayo, ila kila hatua imeandikwa kama programu ya kompyuta.

Hatua ya kwanza ni kuona. Gari hubeba vifaa vya kutambua mazingira. Kamera hutambua rangi na maumbo. Lida hutuma miale ya leza na kupima muda inaochukua kurudi, hivyo gari linajua kila kitu kiko umbali gani. Rada hutumia mawimbi ya redio na husaidia kupima mwendo wa magari mengine. Kipokezi cha setilaiti huonyesha gari liko wapi. Hakuna kifaa kinachotosha peke yake: kamera husumbuliwa na jua la machweo, na setilaiti hupotea chini ya daraja. Kwa hiyo programu hulinganisha taarifa za vifaa vyote kabla ya kuamini chochote.

Hatua ya pili ni kupanga. Kompyuta huchora njia ambayo gari litafuata kwa sekunde chache zijazo. Kwenye mbio, njia fupi si lazima iwe ya haraka. Dereva mzoefu huingia kwenye kona akitokea upande wa nje, hugusa upande wa ndani katikati ya kona, kisha hutoka nje tena, ili asilazimike kupunguza mwendo sana. Kompyuta hutafuta njia hiyo kwa hesabu, na huikokotoa upya mara nyingi kila sekunde.

Hatua ya tatu ni kutenda. Programu huamuru usukani ugeuke kiasi gani, breki zibanwe vipi na nguvu ya injini iongezwe lini. Hapa ndipo fizikia huwa hakimu. Tairi lina kiwango cha mshiko, na kiwango hicho hupungua likiwa baridi au lami ikiwa na vumbi. Programu iliyodhani tairi lina mshiko kuliko ulivyo kweli italiona gari likizunguka kama pia.

Kwa nini mbio, na si barabara ya kawaida?

Jibu liko kwenye hesabu ndogo. Matatu inayokwenda kilomita 80 kwa saa, ambao ndio mwendo wa juu unaoruhusiwa kisheria kwa magari ya abiria hapa Kenya, husafiri takriban mita 22 kila sekunde. Gari la mbio linalokwenda kilomita 270 kwa saa husafiri mita 75 kila sekunde. Kompyuta ikichelewa kwa sehemu moja ya kumi ya sekunde, matatu itakuwa imesogea zaidi kidogo ya mita 2. Gari la mbio litakuwa limesogea mita 7 na nusu, bila uamuzi wowote mpya.

Kwa maneno mengine, kasi hufichua udhaifu wa programu ambao ungejificha kwenye mwendo wa polepole. Gari la kawaida pia hufika kwenye mpaka huo siku mtoto anapochomoka barabarani au tairi linapoteleza kwenye matope. Mbio huwafundisha wahandisi jinsi gari linavyofanya likiwa mpakani, tena mahali ambapo hakuna abiria ndani wala mtu wa kugongwa njiani.

Mashindano yanayowahusu wanafunzi

Mashindano ni mengi, lakini yanaweza kugawanywa katika ngazi tatu.

Ngazi ya kwanza ni magari madogo. Mwaka 2016, Chuo Kikuu cha Pennsylvania nchini Marekani kilianzisha F1TENTH, ambayo sasa inaitwa RoboRacer. Gari lake ni sehemu moja ya kumi ya gari halisi kwa ukubwa, na hujengwa juu ya gari la kuchezea la rimoti. Wanafunzi huondoa rimoti na kuweka kompyuta ndogo na lida. Kwa kuwa timu zote hutumia vifaa vinavyofanana, mshindi huamuliwa na ubora wa programu na si ukubwa wa mfuko. Mojawapo ya mbinu za kwanza wanazofundishwa ni rahisi kueleza: gari hupima umbali pande zote mbele yake, hutafuta mahali palipo wazi zaidi, kisha huelekea hapo. Mbinu hiyo pekee hutosha kulizungusha gari bila kugusa ukuta. Kulifanya liwe la haraka ndiko kunakohitaji kusoma zaidi.

Ngazi ya pili ni Formula Student. Hapa wanafunzi wa vyuo vikuu hubuni na kujenga gari dogo la mbio kwa mikono yao. Mwaka 2017, mashindano ya Ujerumani yanayofanyika Hockenheim yaliongeza kitengo cha magari yasiyo na dereva, na timu ya wanafunzi wa chuo cha ETH Zurich, Uswisi, ikashinda. Njia huwekwa alama kwa koni: za buluu upande wa kushoto, za njano upande wa kulia. Katika jaribio kubwa, gari huzunguka mara 10 kwenye njia ambayo halijawahi kuiona. Mzunguko wa kwanza huwa wa tahadhari, gari likiandika mahali ilipo kila koni. Likishapata ramani, huongeza mwendo. Wanaofuatilia Safari Rally kule Naivasha wataelewa jambo hili haraka: mwelekezi hupita njiani mapema akiandika kila kona, ili siku ya mbio dereva aweze kukimbia hata pale asipoona mbele.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba Formula Student haihesabu kasi peke yake. Timu huhojiwa kuhusu ubunifu wa gari, huwasilisha hesabu za gharama ya kila kifaa, na hutetea mpango wa biashara mbele ya majaji. Mwanafunzi anayejua kuandika bajeti au kueleza jambo kwa ufasaha ana nafasi kwenye timu sawa na anayejua kuchomelea vyuma.

Ngazi ya tatu ni magari makubwa. Shindano la Indianapolis la 2021, liitwalo Indy Autonomous Challenge, lilikutanisha timu 9 kutoka vyuo vikuu 21. Siku hiyo kila gari lilikimbia peke yake. Miezi michache baadaye, Januari 2022, magari yalishindana mawili mawili huko Las Vegas. Moja lilitangulia, la pili likajaribu kulipita, kisha yakabadilishana zamu huku mwendo ukipandishwa kila raundi. Timu ya PoliMOVE, inayoongozwa na chuo cha Politecnico di Milano cha Italia, ilishinda baada ya magari hayo kuvuka kilomita 270 kwa saa. Mwezi Aprili 2024, mashindano mengine yaitwayo A2RL yalifanyika katika uwanja wa Yas Marina, Abu Dhabi, na timu ya Munich ikaibuka mshindi tena.

Makosa yaliyofundisha

Anayesoma habari za ushindi tu anaweza kudhani kompyuta imeshamshinda mwanadamu. Bado. Huko Abu Dhabi mwaka 2024, dereva wa zamani wa Formula One, Daniil Kvyat, alikimbia na gari lisilo na dereva katika onyesho, na alilipita bila shida.

Katika fainali ya siku hiyo hiyo, gari lililokuwa likiongoza lilipoteza mwelekeo na kusimama. Bendera ya njano ikatolewa, na chini ya bendera hiyo ni marufuku kumpita mwenzako. Magari yaliyokuja nyuma yakalikuta limesimama, nayo yakasimama. Dereva yeyote angejua kwamba gari bovu linaweza kupitwa polepole. Kompyuta ilifuata kanuni kama ilivyoandikwa, kwa sababu hakuna aliyekuwa ameifundisha tofauti hiyo.

Mwaka 2020, katika mashindano ya Roborace nchini Uingereza, gari moja liliamriwa liondoke. Badala ya kwenda mbele liligeuka na kugonga ukuta papo hapo. Wahandisi walipochunguza walikuta kwamba hesabu ya usukani ilikuwa imetoa jibu ambalo si namba, na hakuna sehemu ya programu iliyokuwa imewekwa kulikataa jibu kama hilo. Usukani ulikuwa umekwama upande mmoja kabla gari halijasogea. Video yake ilichekesha watu wengi mtandaoni. Hakuna aliyeumia, na kosa likarekebishwa.

Kuna kosa ambalo halikuchekesha mtu. Mnamo Machi 2018, mjini Tempe katika jimbo la Arizona, Marekani, gari lililokuwa likijaribiwa kwenye barabara ya umma lilimgonga mwanamke aliyekuwa akivuka usiku akisukuma baiskeli. Alifariki. Uchunguzi wa bodi ya usalama wa usafiri ya Marekani ulionyesha kwamba vifaa vya gari vilimwona zaidi ya sekunde 5 kabla ya ajali. Lakini programu haikuweza kuamua ni nini: mara iliona gari, mara kitu kisichojulikana, mara baiskeli. Kila ilipobadilisha jibu, ilisahau alikuwa akielekea wapi. Mtu aliyewekwa kwenye usukani ili aingilie kati hakuwa akitazama barabara.

Tukiweka matukio haya pamoja, somo linaonekana wazi. Programu zote zilikuwa na kasoro ambayo waundaji wake hawakuijua. Tofauti ni mahali kasoro hiyo ilipojitokeza. Uwanjani iliharibu gari. Barabarani iliondoa uhai wa mtu.

Ndiyo maana mashindano ya wanafunzi yana masharti makali ya usalama. Katika Formula Student, gari lisilo na dereva lazima liwe na breki za dharura zinazojibana zenyewe umeme ukikatika, na mwanatimu mmoja hushika kitufe cha kulisimamisha kutoka mbali. Gari lisilopita ukaguzi halikimbii, hata kama timu imelala macho mwaka mzima kulijenga.

Haya yanatuhusu vipi?

Kenya hupoteza zaidi ya watu 4,000 kila mwaka katika ajali za barabarani, kwa mujibu wa takwimu za miaka ya karibuni za Mamlaka ya Kitaifa ya Usafiri na Usalama Barabarani, NTSA. Wengi wao ni watembea kwa miguu na waendesha bodaboda. Magari yasiyo na dereva hayatatatua jambo hilo kesho. Yamejifunza kwenye barabara zenye mistari, taa na ramani sahihi. Barabara yenye mifugo, mikokoteni, bodaboda zinazopita pande zote na matuta yasiyo na alama ni mtihani mwingine kabisa.

Hapo hapo ndipo ilipo nafasi ya vijana wetu. Programu haiwezi kumtambua punda mwenye mzigo ikiwa haijawahi kuonyeshwa punda. Mtu anayezijua barabara hizi, na anayejua pia kuandika programu, ana ujuzi ambao mhandisi wa Munich hana. Isitoshe, kazi ya kuona, kupanga na kutenda si ya magari tu. Droni inayonyunyizia shamba dawa, mkono wa roboti kiwandani na trekta inayofuata mstari kwa setilaiti hutumia misingi ile ile.

Kijana aanzie wapi?

Kwanza, aanze bila gari. Mashindano kama RoboRacer yana mwigo wa kompyuta, yaani uwanja na gari vya kwenye skrini, ambao hupatikana bure kwenye intaneti pamoja na masomo yake. Gari halisi la ngazi hiyo hugharimu maelfu ya dola, lakini la kwenye skrini likigonga ukuta halina hasara. Timu kubwa nazo huanzia huko huko.

Pili, ajifunze lugha ya programu. Python inatosha kwa mwanzo. Asiye na kompyuta nyumbani anaweza kuuliza kuhusu vituo vya Ajira Digital au maabara za Jitume zilizo katika vyuo vya ufundi.

Tatu, asidharau hisabati na ufundi wa mikono. Pembe, mwendo na nguvu vinavyofundishwa shule ya upili ndivyo vinavyoligeuza gari kwenye kona. Na fundi wa umeme wa magari aliyefunzwa katika chuo cha ufundi cha kaunti tayari anazijua nyaya, betri na mota ambazo wanafunzi wengi wa kompyuta hawajawahi kuzigusa.

Nne, watafute wenzao. Timu ya mashindano huhitaji wa programu, wa umeme, wa vyuma, wa hesabu za pesa na wa mawasiliano. Klabu ya watu watano shuleni inatosha kuanza.

Maswali ya wasomaji

Je, ni lazima mtu awe chuo kikuu? Hapana. Olimpiadi ya Roboti ya Dunia, WRO, ina kitengo ambacho vijana hujenga kigari kinachojiendesha. Kigari huzunguka uwanja mara tatu. Kikikuta nguzo nyekundu hupita upande wa kulia, na kikikuta ya kijani hupita upande wa kushoto.

Je, mtu anaweza kujaribu mfumo kama huu kwenye gari au pikipiki yake? Asifanye hivyo barabarani. Sheria inamtaka dereva alidhibiti gari lake, na kisa cha Tempe kinaonyesha kwamba hata kampuni yenye wahandisi wengi inaweza kukosea. Majaribio yafanyike kwenye mwigo, au kwa kigari kidogo katika eneo lililofungwa, kukiwa na mtu mwenye kitufe cha kulisimamisha.

Je, kompyuta itawanyang'anya madereva kazi? Kwenye barabara kama zetu, si kwa haraka. Lakini magari yanayoingia nchini yanazidi kuwa na kamera, rada na breki zinazojibana zenyewe. Fundi atakayejua kuyatengeneza atapata wateja, na asiyejua atawarudisha.

Mwaka 2004 hakuna gari hata moja lililomaliza njia ya jangwani. Anayejaribu programu yake ya kwanza leo na kuliona gari la kwenye skrini likigonga ukuta mara ya kumi hajashindwa. Asome ilikosea wapi, arekebishe, ajaribu tena.